Kile Alichokizika Somo Yangu

Jina lake silitaji. Huko Ruaruke wapo wanaolitaja kwa heshima, na wapo mabinti waliopewa jina lile ili lisipotee, na kila nikimsikia mmoja wao akiitwa sokoni moyo hunijaa nyongo. Mimi sitaliandika hata mara moja. Nitamwita Somo, maana ndivyo alivyokuwa kwangu: kungwi aliyeniweka ndani nilipovunja ungo, akanifunda, akanitoa nje mbele ya watu. Siku akifa, atakayesoma haya asijue ni nani. Ni kisasi kidogo, najua, lakini ni changu.

Alininyima mtoto. Nalitanguliza hilo ili msomaji asije akadanganyika nitakapomsifu mbele ya safari, maana nitamsifu. Huwezi kumchukia mtu sawasawa bila kumjua sawasawa, na mwanamke yule namjua.

Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo, na akitembea alitanguliza bega la kulia kama anayepita mlango mwembamba. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili. Kwa mikono ile alisuka mikeka ya ukindu, akageuza watoto waliokaa vibaya tumboni mwa mama zao, akanikanda mgongo. Alinuka mafuta ya nyonyo, na harufu ile mpaka leo nikiipata dukani natoka nje.

Hakupiga kelele. Watu wengine wakikasirika sauti hupanda; yake ilishuka. Ukimsikia anasema polepole, "Haya, mwanangu, fanya unavyoona," ujue umekwisha. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa akimwogopa. Aliwahi kuja kumwambia ngoma ya mwali isizidi jioni, naye akamjibu kwa sauti ile ya chini, "Mama yako nilimcheza mimi. Unataka nikwambie alivyocheza?" Mwenyekiti akaaga hata uji hakumaliza.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa mvuvi wa kamba, anashinda huko kwenye visiwa vya delta na kurudi Ruaruke mara moja moja, tope la mikoko limemkaukia magotini. Somo alikuwa jirani. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alikuja na kanga, akanifunga mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe, akanipeleka kwake. Baba aliporudi akanikuta huko, akashukuru, akarudi kwenye kamba zake. Tangu hapo nilikula kwa Somo, nikalala kwa Somo, na shuleni kwenye nafasi ya mlezi waliandika jina lake.

Alikuwa na kichekesho chake. Sisi wali wake alitukataza mayai. Alisema mwanamke anayekula mayai atazaa mtoto kipara, na tuliamini, tukawa tunawakimbia kuku. Siku moja nikamkuta jikoni amejiinamia, mayai mawili ya kuchemsha mkononi. Hakuficha. Akatafuna, akameza, akaniambia, "Mimi nywele za mwanangu zinanihusu nini? Mwana mwenyewe sina." Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka na kiini cha yai kikiwa mdomoni. Hakuwahi kuzaa. Alilisema hilo kama mtu anayesema hana redio.

Tena alilisema kwa majivuno kidogo, na hapo ndipo nilipopaswa kutega sikio. Alikuwa na mkoba wa ukindu alioachiwa na kungwi wake, ambaye naye hakuzaa, na yule aliachiwa na mwingine wa namna hiyo hiyo. "Mkoba huu haumwendei mama wa watoto," alinieleza. "Mama wa watoto atawafunda wake vizuri na wa wenzake ovyo." Ndani ya mkoba mlikuwa na shanga, kitambaa, na mtoto wa mti, mweusi tii kwa mafuta ya wali wote waliomshika. Mwali akiwekwa ndani hupewa mtoto yule. Humwogesha, humpaka mafuta, humlaza. Somo alituonya kwamba ukimwangusha, na wako atakuangukia. Sikumwangusha hata mara moja. Wenzangu walimsahau mvunguni, wakamkalia, mmoja alimtumia kuvunjia karanga. Leo wana watoto wanne, watano. Mimi nilimbeba kama yai.

Jambo lililokuwa kubwa kwake kuliko yote ni kuzika. Kucha, nywele za kwanza, kitovu cha mtoto, kondo la nyuma, vyote vilikuwa na ardhi yake. "Kilichotoka mwilini kina kwao," ndiyo ilikuwa kauli yake, na aliisema mara nyingi kama wengine wanavyosema inshallah. Mzazi akijifungulia zahanati, Somo alikuwa mlangoni na bakuli lenye kifuniko. Nesi wa zahanati, mama wa Kikristo aliyehamia kutoka bara, alimwambia, "Bibi, tuna shimo maalum la hivyo vitu." Somo akamjibu, "Shimo lako linamjua mtoto huyu ni wa nani?" Wakavutana wiki nyingi. Mwishowe nesi akachoka, akawa anampa, na baadaye wakawa marafiki wa kupelekeana kisamvu.

Na kuzika kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Kondo huvikwa kipande cha bafta, hulazwa upande wa kitovu ukiangalia juu. Alitufundisha hilo sote, akatushika mikono tukajaribu kwa boga. Ukililaza kifudifudi umemfunga mama yule uzazi, na hakuna wa kumfungua. Ndiyo maana hakumwachia mtu mwingine kazi ile.

Msidhani basi alikuwa mtu wa kupinga hospitali. Hapana, na ndilo linalonichoma. Kulikuwa na mwanamke ameshikwa na uchungu tangu jana yake, mtoto hasogei, na mama mkwe anasema wamngoje mume arudi kutoka Mbwara ndipo atoe ruhusa. Somo akamuuliza, "Mwanao anakuja kuzaa yeye?" Akamwita bodaboda, akampakia mgonjwa katikati, yeye nyuma amemkumbatia, wakaenda hivyo hivyo mpaka Kibiti kwenye matope ya masika. Alirudi kesho yake na bakuli mapajani, mama na mtoto wazima. Watu wakamwimbia. Mimi pia nilimwimbia, nilikuwa na sauti nzuri wakati ule.

Hata mimi alinipeleka mwenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu nilipoota mitoki shingoni, isiyouma, inakua. Aliikanda siku tatu. Ya nne akaondoa mikono, akasema, "Hii si yangu," akafunga nguo zetu. Alijua mpaka wake siku ile. Miezi michache baadaye akausahau, na mimi ndiye niliyelipia.

Dar es Salaam walisema ni saratani ya tezi, na kwamba inatibika. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, anaongea taratibu na Somo kama anaongea na mama yake. Alisema dawa zenyewe ni kali, na kwa msichana zinaweza kuua mayai yote ya uzazi. Ila kuna njia. Kabla ya dripu ya kwanza wangetoboa tundu dogo tumboni, wachukue kipande cha ovari, yaani kile kifuko kinachotunza mayai, wakikate vijipande vyembamba na kuvigandisha kwenye tangi la baridi kali katika kliniki moja wanayoshirikiana nayo. Nikipona, nikaolewa, wangevirudisha mwilini, na huenda ningezaa.

"Si ahadi, mama," alimwambia Somo. "Ila tusipofanya hivi, huenda asipate hata nafasi ya kujaribu."

Somo alifikiri sana. "Kikiwa huko kwenye baridi," akauliza, "kimekufa au kiko hai?"

"Kimelala tu."

"Kimelala," Somo akarudia, akaweka dole gumba, kwa sababu sikuwa nimetimiza miaka kumi na nane na yeye ndiye mlezi. Nilitoka pale nimefurahi kiasi cha kusahau kwamba ninaumwa. Nikamwambia Somo, "Wa kwanza akiwa wa kike nitampa jina lako." Akanipiga kofi jepesi la kisogoni, akaniambia nipone kwanza.

Dripu ya tatu ndiyo iliyoniangusha. Homa ilinipanda, kinywa kikachubuka chote, na nilitetemeka meno yakigongana chini ya mablanketi mawili. Somo aliketi kando ya kitanda na mkono wake kwenye paji langu. Nilimsikia akisema, "Mwili moto, na mtoto analia baridi. Baridi hii inatoka wapi?" Kisha akajijibu mwenyewe, kwa sauti ile ya chini, "Kilichotoka mwilini kina kwao." Nilisikia kwa masikio ya mgonjwa. Alipotoka sikumuuliza anakwenda wapi, na siku mbili sikumwona.

Aliporudi homa ilikuwa imeshuka. Madaktari walikuwa wamenibadilishia dawa ya sindano, na niliwaambia hivyo baadaye wote waliotaka kujua. Yeye alinishika miguu, akaiona ina joto la kawaida, akasema alhamdulillahi, akaanza kusuka ukindu. Nilipona. Nywele zikaota. Nikamaliza shule, nikajifunza cherehani, nikaolewa na mwalimu aliyekuwa akifundisha Ngorongo, mtu mtulivu, aliyejua habari zangu zote kabla hajatoa posa. Tulikuwa na mpango wetu. Mwaka wa pili wa ndoa tukapanda basi kwenda mjini kufuata kile kilichokuwa changu.

Nesi wa kliniki alileta jalada, akalifungua, akalifunga, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa wake akatuonyesha fomu. Dole gumba lilikuwa pale, kubwa, wino umetapakaa.

"Mlezi wako alikichukua," alisema. "Tulimweleza kwamba kikitoka tu kwenye tangi kimekufa. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja, kitu kisizuiliwe kati ya uhai na kifo huku mwenyewe anaumia. Wewe hukuwa umetimiza umri. Neno lake ndilo lililokuwa neno."

Wale nao nawalaani. Lakini wale hawakunilea.

Ndani ya basi la kurudi mume wangu alitazama dirishani mpaka tulipopita Mbagala. Hapo akasema, "Pole." Nilijua kwamba pole ile alikuwa anajipa mwenyewe. Baadaye alihamishwa shule, akasema atanifuata akishapata nyumba, na talaka ikaja kabla ya nyumba.

Kwa Somo nilikwenda wiki ile ile. Nilimkuta uani anaanika ukindu. Sikumwamkia. Nikamuuliza, "Kipande changu kiko wapi?"

"Kiko kwao," akasema, bila wasiwasi wowote. "Nyuma ya bafu, chini ya mpera. Nilikibeba kwenye boksi la barafu la watu wa kamba, kimefika hapa bado kigumu. Nikakivika bafta. Baridi ikakutoka siku ile ile, mwanangu. Wao walikuwa wamekugandisha wewe."

Halafu akanitazama, akangoja. Ilinichukua muda kuelewa anangoja nini. Alikuwa anangoja nimshukuru.

Nilihamia Kibiti, nikapanga kibaraza karibu na stendi, nikaweka cherehani yangu hapo. Nilidhani ningemsahau, lakini chuki nayo inataka kulishwa, na mimi niliilisha vizuri. Alinitumia mkeka, niliutandika chini ya pipa la taka mbele ya wanawake wa kwao ili wakasimulie. Wamama wakija kushona nguo za sherehe za mabinti zao, nilikuwa nauliza kwa upole, "Mtamwita yule bibi? Mikono yake siku hizi inatetemeka. Juzi nasikia alisahau wimbo katikati." Haikuwa kweli. Mikono yake haikutetemeka na hakusahau kitu maishani mwake. Lakini neno hutembea, na ngoma zake zikapungua, wali wakapelekwa kwa makungwi wa vijiji vingine. Nilisikia amekaa msimu mzima mkoba umetundikwa ukutani. Nilikula chakula changu siku ile kwa raha.

Mtanisuta. Nisuteni. Nikimwona mwanamke stendi amembeba mtoto na kumgombeza kwa sababu ya biskuti, huwa nasimamisha cherehani mpaka wapite.

Baada ya masika iliyopita jirani yake alinipigia simu. "Somo yako anakuita. Hali tena, anakunywa maji tu. Anasema ana neno na wewe."

Nilikwenda, na nitasema ukweli kwa nini nilikwenda. Nilitaka kumsikia akiniomba radhi. Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelishona na kulifumua miaka yote ile kwenye cherehani: sikusamehe. Nilitaka alisikie kwa masikio yake kabla hayajazibwa pamba.

Nilimkuta kwenye mkeka, baraza ya uani, alasiri. Mwili ulikuwa umebaki kidogo sana, ila mikono ilikuwa ile ile. Mpera ulikuwa umekua mpaka unafunika paa la bafu.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Niwie radhi, mwanangu."

"Kwa lipi?" Nilitaka alitamke.

Alivuta pumzi. "Kondo nalijua. Kondo lina juu na lina chini. Chako kilikuwa vijipande, vyembamba kama maganda ya kitunguu. Havina kitovu, havina alama. Nilivigeuza pale chini ya mpera, nikavigeuza tena. Sikujua upande." Sauti ilishuka mpaka ikabidi niiname. "Nilibahatisha. Na nadhani nilikosea, ndiyo maana hukuzaa. Miaka yote hii sijalala vizuri."

Radhi niliyoifuata ilikuwa imekuja, na haikuwa yenyewe. Kosa la kukitoa kwenye tangi hakuliona, na hataliona. Aliona kosa la kukilaza. Neno langu moja lingemtua mzigo ule: Somo, hata ungekilaza vipi, kilikuwa kimekwisha kufa mlangoni kwa wale watu. Lilinifika mdomoni. Nikalimeza.

Alidhani kunyamaza kwangu ni huruma. Akapapasa nyuma yake, akavuta mkoba wa ukindu, akauweka mapajani mwangu. "Wali wangu wote wana watoto. Wewe tu huna. Sasa mkoba umepata mwenyewe."

"Ulifanya kusudi?"

"Naapa kwa Mungu, hapana. Mimba yako niliingoja kama ninavyoungoja mwezi wa Ramadhani." Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. Hakuwahi kunidanganya, hata hapo hakutaka kuanza. "Lakini miaka ilipokwenda, nikaona huzai, nilifurahi kidogo. Nikasema, basi mkoba haufi."

Alifurahi kidogo. Nilifungua mkoba. Mtoto wa mti alikuwa mle, mweusi, anang'aa, amepakwa mafuta asubuhi ile ile. Nikamtoa, na Somo akalia kwa furaha, akanishika mkono akaubusu, yeye mkubwa, mimi mdogo. Nikamwachia aubusu. Halafu nikainuka, nikachukua jembe lililoegemea ukuta wa jikoni.

"Jembe la nini, mwanangu?"

"Kitu kina kwao," nikasema. "Si ulinifundisha?"

Ardhi chini ya mpera ilikuwa laini kwa mvua. Nilichimba mpaka magotini. Sikukuta kitu, wala sikutegemea. Nikamvika mtoto yule kitambaa chake, nikatupia shanga na mkoba mtupu, nikamlaza. Kutoka barazani aliona kila kitu. Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, "Na wali waliobaki watafundwa na nani?" Nikafukia. Nikashindilia kwa miguu yote miwili, kama alivyotufundisha, mbwa wasifukue.

Nikarudi kwenye pipa la maji kunawa. Macho yake yalikuwa kwenye mpera, na mikono ile mikubwa imelala mapajani haina kazi. Kisha akauliza, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake:

"Umemlaza vipi?"

Nilinawa udongo mpaka viwikoni. Nikajifuta kwa kanga yake iliyokuwa kwenye kamba.

"Kifudifudi," nikamwambia.